Ua la Saba kwenye Shuka la Zuhura

Kamembe, Jumamosi, baada ya alasiri

Zuhura,

Zile salamu za kwenye barua, za "natumaini hujambo, ama mimi sijambo," sikupi. Hujambo. Nimekuona asubuhi ukila mandazi yangu manne huku ukiniambia huna hamu ya kula. Na mimi ni mzima. Wewe umeenda Mururu kumuaga bibi yako, kesho alfajiri unapanda basi la Kigali, keshokutwa ndege ya Ubelgiji. Shuka lako liko hapa mapajani mwangu, na mkasi uko juu yake. Basi tuongee.

Utashangaa mama yako anaandika. Tangu uanze kusoma Kigali sijawahi kukuandikia hata mstari. Nilikuwa nabonyeza simu, nasema niliyo nayo rohoni, naachia kidole, odio imekwenda. Nani ahangaike na kalamu wakati ulimi upo? Sasa nimejua odio zangu zilikuwa zinakwenda wapi. Nimechagua karatasi kwa sababu hata ukiigusa kwa vidole vyote kumi, haitasema kitu mbele ya batu.

Sitakwambia uvae sweta. Sitakwambia usali, kibla unakijua, na usipokijua simu yako inakijua. Nataka kukwambia nilipokosea, na nitayasema kwa kinywa changu hiki hiki, maana kingine sina.

Naanza na madaftari. Ulikuwa na miaka kumi na minne, unachora batu. Ulimchora muuza samaki, ukamchora muadhini amelala, ukamchora baba yako ameinamia redio ya mtu na miwani imening'inia puani. Vizuri mno, sikatai. Nikayakuta madaftari matatu chini ya godoro, nikayatia kwenye mbabura, jiko la makaa, nikapikia maharage. Nilikwambia kuchora viumbe ni haramu. Nikawaambia na majirani, wakanisifu, "Mama Zuhura ana msimamo." Hata ustadhi alinisifu, masikini, naye hakujua.

Dini haikuwemo, Zuhura. Kwenye daftari la tatu ulikuwa umenichora mimi. Nimesimama mlangoni, kidole juu, mdomo wazi mpaka jino la dhahabu linaonekana, na shingo imetoka mishipa. Niliangalia ile picha mpaka maharage yakakauka maji. Hukuniongezea kitu. Ningekukuta umenichora vibaya, ningecheka. Ulinichora nilivyo, ndiyo maana nikachoma.

Hukulia. Ulikaa chini ukaangalia moto, halafu ukaondoka ukaenda kibandani kwa baba yako sokoni, ukakaa naye mpaka magharibi akikufundisha kuchomelea nyaya. Toka siku ile hukuchora uso wa mtu tena. Mimi nikajiambia nimeshinda. Mtu mzima na akili zangu, nikafurahi kumshinda mtoto wa miaka kumi na minne.

Sikilizeni ulimwengu, huyo mtoto akaenda Kigali kusoma mambo ya sanaa na kompyuta, akamaliza, akaongeza na digrii ya pili. Nikiulizwa sokoni unasomea nini nasema, "Anasomea umeme." Ningesema nini? Ulinieleza mara moja kwamba ni sanaa ambayo mtu haiangalii tu, anaigusa nayo inamjibu. Nikakujibu kwa odio, "Mbuzi pia ukimgusa anajibu, na hasomewi miaka sita." Ulicheka siku ile. Ama nilidhani umecheka.

Halafu mwaka huu, baada ya mfungo, ukanipigia. "Maman, nahitaji shuka. Kama lile la bibi harusi. Maua kumi na mawili, ushone kwa mkono wako, usimpe mtu." Ukanitumia uzi wa shaba, mwembamba kama unywele, ukasema katikati ya kila ua nipitishe huo.

Sasa niambie wewe. Mama anayedarizi mashuka ya harusi miaka thelathini Kamembe hii, ambaye hakuna bibi harusi wa Kiislamu hapa aliyelala siku ya kwanza juu ya shuka ambalo halikutoka mkononi mwa mama huyo, anaombwa shuka la harusi na binti yake wa miaka ishirini na saba. Afikirie nini? Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Uzi wa shaba nikasema ndiyo mtindo wa Kigali, watoto wa siku hizi wanataka kung'aa mpaka kitandani. Shangazi yako Hadija alikuwa wa kwanza kuambiwa, na ukimwambia Hadija umeiambia Kamembe yote. Wanawake walikuja kuniona nikishona. Wakaimba. Sijawahi kushona maua kama yale, Zuhura. Ua la saba nililifumua mara nne mpaka petali zikakaa kama zimeota.

Ukanitumia nauli. "Maman, njoo Ijumaa, kuna ekspo. Njoo peke yako." Nikasema alhamdulillahi, wakwe ni watu wa heshima, hawataki makelele, wanataka kumuona mama kwanza. Nilikaanga sambusa sitini. Nilivaa ile gauni ya zambarau na mtandio mpya, nikapanda basi na ndoo ya sambusa mapajani, msitu wote wa Nyungwe nikifanya mazoezi ya maneno ya kuwaambia wakwe. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole.

Nikafika. Kumbe ekspo ni maonyesho. Ukumbi mweupe, hakuna viti. Vijana wenye nywele za kila namna. Kona moja kuna kioo ukipita kinakuonyesha kivuli chako kikitembea nyuma, kona nyingine beseni la maji linaloimba ukitia mkono. Natafuta wazee wa upande wa mume. Namuona mzee mmoja tu mwenye miwani, namsalimia kwa heshima zote kwa kichwa, namkabidhi sambusa. Baadaye ndiyo najua ni mwalimu wako, na kwamba ulishamwambia mimi ni mama yako.

Halafu naliona shuka langu. Limetundikwa ukutani kama ngozi ya ng'ombe. Nyuma kuna nyaya zinashuka mpaka kwenye kiboksi, na chini kuna spika mbili. Shuka la harusi, ukutani! Nilitaka kukuita pale pale nikuulize kama umerukwa na akili. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, msichana mmoja akaweka kidole kwenye ua la kwanza, na sauti yangu ikajaa ukumbi mzima:

"Wenzako banazaa batoto, wewe unazaa nyaya!"

Walicheka, Zuhura. Mungu wangu, walivyocheka. Mwingine akagusa la tatu: "Kama unapiga simu kulia, lia haraka, niko na chungu motoni." Mwingine la tano: "Ningejua, ningezaa jiwe, walau ningesagia pilipili." Kijana mwenye heleni akainama akishika tumbo, akasema, "Huyu maman ni hatari! Tafuta ingine, tafuta mbaya zaidi!" Wakaanza kushindana nani atapata kali kupita zote. Wanagusa huku, wanagusa kule, mimi Mwajuma nabweka kila upande. Wakigusa matatu pamoja nasema maneno matatu kwa mara moja, kama mwendawazimu.

Mimi nimesimama hatua mbili kutoka pale. Nikafunga mdomo. Nilielewa papo hapo kwamba nikisema hata "samahani, nipishe," ukumbi mzima utageuka, maana hiyo sauti hapa duniani ni moja. Mimi ambaye nikiwa kwenye harusi spika huzimwa, nilikaa saa tatu bila kutoa neno. Nikiulizwa, natikisa kichwa. Nikipewa soda, naitikia kwa macho. Kikohozi kikinishika nakimeza. Msichana mmoja akaniuliza kama nasikia Kiswahili, nikatikisa kichwa kwamba sisikii. Nilijikana, Zuhura, kwa kichwa changu mwenyewe.

Na wewe ulikuwa unaniangalia. Umeegemea ukuta, mikono umefunga kifuani, macho makavu. Nilikutafuta uso nione aibu kidogo, sikuiona. Nikasema moyoni, kumbe nimezaa mtu mkatili. Mwana wa nyoka ni nyoka, walisema wakubwa, nami nilikuwa nikilitumia neno hilo kwa watoto wa wenzangu. Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ndipo yule mwalimu akanijia, anatafuna sambusa, mzee wa watu. "Gusa na wewe, Maman. Usiogope, haiumi." Akanishika mkono akanisogeza. Nikaona nikikataa wataniangalia zaidi. Nikagusa lile nililoliona zuri kuliko yote, ua la saba.

Heri nisingeligusa. Hakuna aliyecheka safari ile. Nilisikia sauti yangu, imechoka, imekauka, inasema polepole: "Nilikupigia mara saba. Mara saba, Zuhura, hukupokea. Baba yako amezikwa bila wewe. Endelea na nyaya zako."

Yule msichana wa kwanza akakugeukia. "Na kwa nini hukupokea?"

Ukaniangalia. Sitasahau. Uliniangalia mimi, si yeye, ukangoja. Ukangoja sana. Ulikuwa unanipa nafasi. Neno moja tu lilitakiwa, na kila mtu angejua mwenye sauti ni mimi, na angejua na jambo jingine kubwa kuliko hilo. Nikaangalia viatu vyangu. Ndipo ukamjibu, "Sijui."

Yule mwalimu, aliyedhani sauti ya shukani ni ya mwigizaji, akakupiga bega, akasema, "Lakini una mama mpole, Zuhura. Tangu afike hajasema neno."

Ukasema, "Ndiyo. Ni mpole sana."

Nimepigwa maishani mwangu. Mama yangu alinipiga na mwiko. Hakuna aliyenipiga kama wewe siku ile kwa maneno manne.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Baba yako alikufa alfajiri ya Jumatano, unajua. Hujui usiku wake ulivyokuwa. Aliamka mara tatu, na mara zote tatu aliuliza, "Zuhura amefika?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, namnywesha kwa kijiko. Nikamwambia, "Mimi niko hapa." Akasema, "Ee," kama mtu anayemjibu kondakta, halafu akauliza tena, "Zuhura amefika?" Miaka ishirini na nane nimelala na huyo mwanaume, nimemfulia, nimemzika mama yake. Roho inatoka, anaita mtoto. Na mtoto mwenyewe ni yule anayenichora mdomo wazi.

Kulipokucha shangazi yako Hadija akaniambia, "Mpigie Zuhura, akipanda basi la kwanza atafika. Tutamzika baada ya alasiri, auone uso wa baba yake kabla sanda haijafungwa." Nikachukua simu nikatoka uani. Nikasimama karibu na kamba ya nguo. Simu ilikuwa na chaji, netiwaki ilikuwepo, vocha ilikuwepo. Nilisimama pale muda wa mtu kupiga. Halafu nikarudi ndani nikasema, "Nimempigia mara saba, hapokei." Hadija akasema tungoje kidogo. Nikasema, "Msimngoje huyo. Mzikeni."

Wakamzika baada ya adhuhuri. Waliporudi makaburini ndipo nikakutumia ile odio.

Sikukupigia hata mara moja.

Ulifika ukiwa na viatu viwili tofauti. Hadija hakusimama kukupokea. Binamu zako wakakugeuzia migongo. Nikangoja ujitetee, nilikuwa nimeshaandaa la kukujibu, ningesema ni netiwaki. Ulitoa simu, ukaiangalia, ukaniangalia, ukairudisha mfukoni. Haikuwa na alama hata moja ya kupigiwa. Ulijua saa ile ile, na ukakaa nalo mwaka mzima na nusu. Kamembe nzima ikasema mtoto wa fundi redio alikuwa anacheza Kigali hakupokea simu ya kifo, nawe ukaacha waseme. Nilidhani umenistiri. Kumbe ulikuwa unatafuta kitambaa.

Na kitambaa nikakushonea mimi.

Basi, Jumatatu umefika na shuka limekunjwa kwenye mfuko. Ukalitandaza hapa kitandani. "Maman, vidole vya batu vimekata uzi. Maua matano hayasemi tena. Nimejaribu, mkono wako siuwezi. Jumapili naondoka nalo." Hukusema samahani, hukuniuliza kama nataka. Ulinionyesha namna ya kuunganisha kiboksi na spika, ukaenda kulala. Nikahesabu maua yaliyokufa. La saba lilikuwemo, ndilo lililoguswa kuliko yote.

Unajua nilichofikiri. Nilifikiri mkasi. Nilitaka kulikata shuka vipande vya kupangusia sufuria, nikwambie panya. Halafu nikaona hata mkasi hauhitajiki. Nikilishona la saba kwa uzi wa shaba lakini nikaacha tundu moja, tundu dogo tu upande wa nyuma, halitasema tena, nawe utadhani ni waya. Hakuna jicho la kuona tundu hilo ila langu. Siku mbili nilikaa na wazo hilo, na lilikuwa tamu, sikufichi.

Jumanne, ulipokuwa sokoni, nilijaribu jambo lingine. Nilichukua simu nikasema nikurekodie maneno mazuri, uyatie kwenye ua la saba badala ya yale. Nikabonyeza. Nikasema, "Zuhura mwanangu, mimi mama yako nataka ujue kwamba... na hizo nywele zako, utazichana lini?" Nikafuta. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu nikajikuta nakugombeza kwa kunifanya niseme. Nikaiweka simu kwenye unga. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu nimeuzoesha njia moja miaka mingi, haujui kona.

Nilipoanza kulifumua la saba, nilianza kukasirika na wewe, na hilo nalo nakwambia. Hukuniomba sauti yangu. Uliniacha nishone nikiimba, na wanawake wa mtaa wakiimba, ukijua unachokwenda kukifanya. Ulinipandisha basi na sambusa sitini. Ungeweza kunijia hapa, tukafunga mlango, ukasema, "Maman, hukupiga." Ulichagua watu waje kucheka kwanza. Huo ukatili naufahamu mshono wake, ni wangu. Mimi pia sikuwahi kukugombeza bila mashahidi. Jihadhari nao. Ukatili wa namna hii unapendwa na watu, ndiyo ubaya wake. Wanawake walikuwa wanakuja kukaa uani kwangu ili tu wasikie nitamsema nani leo, wanacheka mpaka wanatoka machozi, nami najiona malkia. Hakuna aliyerudi kunieleza siri yake. Utasifiwa huko Ubelgiji kwa hili shuka, na watakuomba lingine. Siku utakapomaliza kunishona mimi, utamtafuta nani?

Sijui jibu. Nakuuliza tu.

Jumatano nilishona. Alhamisi asubuhi, wewe umetoka, nikamaliza la saba, nikaunganisha kiboksi nijaribu. Kabla sijagusa, nani anapiga hodi? Hadija, amekuja kuulizia shuka la binti yake. Akaliona hili limetandazwa, akacheka. "Eeh, Mwajuma! Ndiyo lile la harusi iliyoyeyuka?"

Nikamwambia, "Kaa. Gusa hilo ua."

"Litaniuma?"

"Gusa tu."

Akagusa. Ikasema. Hadija aliruka, akashika kifua. "Yebabawe! Hiyo ni wewe!"

"Ni mimi."

"Sasa huyu mutoto anakuaibisha namna hii? Na bado yeye ndiye hakupokea?" Alikuwa ameshaanza kukutukana, Zuhura, kwa ajili yangu. Njia ilikuwa wazi kabisa. Ningenyamaza tu kama nilivyonyamaza Kigali.

Nikasema, "Hadija, hiyo sauti inadanganya. Sikupiga hata mara moja."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamwambia na habari ya kamba ya nguo, na habari ya kikombe, na aliyeitwa na asiyeitwa. Yeye alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini bila kunywa. Akasema, "Mwaka na nusu nimemnunia mtoto wa kaka yangu. Nimemuona kwenye basi nikageuza uso. Kwa ulimi wako." Akavaa kandambili zake. Mlangoni akageuka: "Mungu akupe umri mrefu, Mwajuma. Uishi nalo."

Ndiyo maana jana alikuja akakukumbatia hapa mlangoni akalia, ukabaki umeshangaa, ukaniuliza jikoni, "Ana nini shangazi?" Nikakujibu, "Mafua." Hilo nimekudanganya tena, la mwisho.

Jana Ijumaa nilikwenda msikitini. Upande wetu wa wanawake mkeka ni mmoja, unajua tunavyobanana. Nilikaa, na mkeka ukabaki na nafasi kulia kwangu na kushoto kwangu. Binti wa Hadija amechukua shuka lake amempelekea fundi mwingine. Leo hakuna aliyekuja uani. Nimeshona kwa utulivu mkubwa, tena kazi imekwenda haraka.

Kuna neno moja nimeliandika hapa mara tatu nikalikata, ndiyo hayo madoa ya wino unayoyaona. Nilikunyima uso wa baba yako. Alikuita, nami nikakufungia mlango. Hakuna uzi wa kushona hapo, najua. Nisamehe. Limetoka. Ukishindwa, shindwa, mimi nisingesamehe.

Shuka liko tayari. Maua yote kumi na mawili yanasema. La saba nimelishona kwa uzi wa shaba mara mbili, limekaza. Waguse Wabelgiji wote, halitakatika. Matundu yote nimeyapitisha, geuza nyuma uhakikishe, najua utageuza.

Kitu kimoja nimeongeza bila kukuuliza, nawe hukuniuliza, tumelingana. Unajua kawaida ya kazi hii, pembeni mwa shuka fundi hushona jina la bibi harusi, kamwe halishonwi lake. Mashuka yangu yametapakaa nyumba zote za Kamembe na hata ng'ambo Bukavu, na hakuna hata moja lenye jina langu. Angalia pembe ya chini, upande wa kulia. Nimetumia uzi mwekundu wa kawaida, hauna umeme, hausemi kitu, ni wa kusomwa tu: *Sauti hii ni ya Mwajuma, mama yake.* Herufi zimekwenda upande kidogo.

Kesho sitakuja stendi. Nikija nitasema kitu kuhusu viatu vyako, na sitaki kiwe ndicho cha mwisho.

Nenda. Na akitokea mwalimu mwingine huko, mtu mwema, akakupiga bega akakwambia lazima una mama mpole, usimjibu ndiyo. Mshike mkono umpeleke kwenye ua la saba, halafu umshushe pale pembeni asome jina.

Mama yako,
Mwajuma